Mboji ya kinyesi cha binadamu: bakteria wanakufa, je jeni za usugu wa antibayotiki nazo zinakufa?

#1 Mboji_Hai
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Mwaka wa nne huu natumia choo kikavu. Kinyesi kinaingia kwenye ndoo, nafunika na maranda, ndoo ikijaa naimwaga kwenye lundo nje na kulivalisha majani makavu. Lundo linapanda joto vizuri tu, nina kipimajoto cha fimbo ndefu, katikati nimeshasoma nyuzi 63. Likijaa naliacha lipumzike mwaka mzima ndo mboji iende kwenye miti. Na siku zote nimekuwa nawaambia watu kwamba joto linamaliza kila kitu.

Sasa mwezi uliopita kuna mtu anafanya utafiti akaniomba sampuli ya ndoo mbichi na sampuli ya mboji iliyoiva. Akapima E. coli, bakteria wa tumboni, hakuna. Mayai ya minyoo yaliyo hai, hakuna hata moja. Nikafurahi. Halafu akaniambia ila jeni za usugu bado zipo, akanitajia sul1, na pia intI1 ambayo husafiri na jeni za usugu, na sul1 ukiilinganisha na idadi ya bakteria wote iko juu kwenye mboji kuliko kwenye ndoo mbichi. Yaani mdudu kafa lakini siri yake ya kuikwepa dawa imebaki kwenye udongo wangu? Nimekosa raha kabisa maana watu kadhaa wamejenga vyoo hivi kwa kunisikiliza mimi. Swali: kuivisha mboji kunapunguza jeni za usugu au kunaziongeza?

#2 Lundo55
Mkuu usijitese. Kanuni ni nyuzi 55 kwa siku 3, ukishafika hapo kazi imeisha. Hiyo ni kanuni ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ya mwaka 1993, sio maneno ya mitaani. Na DNA gani itavumilia nyuzi 63 siku nzima? Inayeyuka.

#3 Plasmidi
Lundo55 nakupinga mambo mawili kwa heshima zote.

Moja, hizo siku 3 ni za chombo kilichofungwa au lundo linalopulizwa hewa kwa mabomba bila kugeuzwa. Kwa tuta refu la kugeuza kanuni hiyohiyo inadai nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ndani ya hizo siku uligeuze mara 5. Na iliandikwa kwa ajili ya tope la mitambo ya majitaka, haikuandikwa kwa ndoo ya nyumbani.

Mbili, DNA haiyeyuki nyuzi 63. Hiyo mashine ya PCR, inayonakili DNA ili ihesabike, iliyotumika kupima sampuli ya Mboji_Hai yenyewe inaipasha DNA mpaka kama nyuzi 95, kamba mbili za DNA zinaachana, ikipoa zinashikana tena na kazi inaendelea, na hiyo inarudiwa mara 30 au 40. Kinachoimaliza DNA kwenye lundo ni vimeng'enya vya vijidudu wengine wanaoila, maana kwao ni chakula chenye fosforasi na naitrojeni. Joto linamuua mwenye nyumba, ila samani zinabaki mpaka aje mtu azibebe.

#4 Lundo55
Ya tuta nimekubali, nilichanganya. Ila kama vimeng'enya vinaila si mwisho wa siku inaisha?

#5 Plasmidi
Sehemu kubwa inaisha ndiyo. Shida ni ile inayoganda kwenye chembe za mfinyanzi na kwenye mboji nyeusi yenyewe. Ikishaganda pale vimeng'enya haviifikii vizuri, inakaa muda mrefu.

#6 NesiWaZamu
Habari zenu. Naomba mtuelezee na sisi ambao sio wa maabara, maana mimi wodini naona mwisho wa hadithi tu, mgonjwa anapewa dawa ya kwanza haifanyi kazi, ya pili haifanyi kazi. Makadirio yaliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 yanasema mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Kwahiyo nikisikia jeni za usugu ziko kwenye mboji nashtuka. Lakini kama bakteria wa tumboni kafa, hiyo jeni itamfikiaje mtu?

#7 Plasmidi
Swali zuri sana hilo dada. Bakteria hawasubiri kurithi kwa mzazi peke yake, wanapeana jeni hata kama sio ndugu. Njia ziko tatu. Ya kwanza wanagusana na mmoja anampitishia mwenzie plasmidi, ambayo ni duara dogo la DNA linaloweza kubeba jeni za usugu hata tano sita kwa mkupuo, na hii ndo inayotutisha zaidi. Ya pili virusi wanaoshambulia bakteria wanabeba kipande kwa bahati mbaya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ya tatu bakteria hai anaokota DNA ya marehemu iliyolala tu kwenye mazingira. Hii ya tatu Frederick Griffith aliionyesha mwaka 1928, alichanganya bakteria wakali waliouawa kwa joto na bakteria wapole walio hai akawachoma panya, panya wakafa na ndani yao akakuta bakteria wakali wako hai. Zingatia hapo, WALIOUAWA KWA JOTO. Ndo swali la Mboji_Hai lenyewe hilo.

#8 NesiWaZamu
Aisee. Hapo nimeelewa, asante.

#9 BibiMaranda
Wanangu mimi sio mtaalamu ila malundo nimegeuza miaka mingi. Naona wote mnaongelea katikati ya lundo. Nendeni mkalishike lundo asubuhi na mapema, mvuke unatoka juu, ukichomeka fimbo katikati na kuichomoa huwezi kuishika kwa mkono. Lakini chomeka kiganja pembeni chini, pale linapokutana na udongo, ni baridi kama udongo wa kawaida. Halafu ukilifungua, kati ya katikati na pembeni kuna tabaka lina unga wa rangi ya majivu, mweupe mweupe, kama mtu kanyunyiza. Kinyesi cha pembeni hakijawahi kuona joto. Ukigeuza ovyo kile cha pembeni kinaingia ndani lakini cha ndani kilichoiva kinatoka nje kinachafuliwa na kile ambacho hakijaiva. Kwahiyo mtu akisema lundo langu limefika 63 mi namuuliza lipi, la katikati au lote?

#10 Mboji_Hai
Bibi shikamoo. Umenigusa, mimi napima katikati tu.

#11 BibiMaranda
Marahaba. Basi anzia hapo mwanangu. Na ulivalishe lundo majani makavu unene wa mkono mpaka kwenye kiwiko, pande zote na chini pia, hapo baridi inaishia kwenye majani sio kwenye kinyesi.

#12 KimyaKingi
Huo unga wa majivu aliousema bibi wengi wanaudhani ni ukungu. Mara nyingi ni aktinomaiseti, bakteria wanaoota kama nyuzi na wanapenda joto. Na hapa pana jambo, hilo kundi ndilo lililotupa sehemu kubwa ya antibayotiki. Streptomaisini iliyopatikana 1943 kwenye maabara ya Selman Waksman ilitoka kwa mmoja wa ukoo huo. Anayetengeneza sumu lazima awe na kinga ya sumu yake mwenyewe, kwahiyo wana jeni zao za usugu za asili. Lundo linapopata joto bakteria wa tumboni wanapungua, hawa wanaongezeka. Ukipima unakuta baadhi ya jeni zimeshuka na nyingine zimepanda kwasababu umebadilisha wakazi. Kijiji kimehama, kingine kimehamia.

#13 Hesabu_Kwanza
Kabla hatujaenda mbali naomba tuangalie namba zinamaanisha nini maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mboji_Hai kasema sul1 iko juu "ukilinganisha na bakteria wote". Hiyo ni sehemu, yaani nakala za sul1 gawanya kwa nakala za 16S ambayo bakteria wote wanayo. Sasa chukua mfano wa kutunga. Ndoo mbichi ina nakala milioni 100 za sul1 na nakala bilioni 10 za 16S kwa gramu, jibu ni 0.01. Baada ya mboji sul1 imeshuka mpaka milioni 20, imepungua mara tano, ni habari njema. Lakini 16S nayo imeshuka mpaka bilioni 1. Jibu linakuwa 0.02. Ripoti itaandika sul1 imeongezeka mara mbili wakati kwa gramu imepungua mara tano. Zote mbili ni kweli.

Halafu kuna la uzito. Lundo likiiva linapoteza uzito mkavu, linaweza kupoteza nusu, kaboni inaondoka kama hewa. Jeni ambayo haijaharibika hata moja wala haijaongezeka hata moja itaonekana imeongezeka maradufu kwa gramu, kwasababu gramu zimepungua. Kwahiyo ili ujue lundo limezipunguza kweli, unatakiwa uhesabu nakala kwenye lundo zima mwanzo na mwisho. Hapo lazima uwe ulipima uzito. Mkuu ulipima?

Na la mwisho, watu wanapenda kusema "asilimia 99 imeondoka". Kama mwanzo zilikuwa bilioni moja kwa gramu, asilimia 99 ikiondoka zinabaki milioni 10 kwa kila gramu. Hiyo sio sifuri hata kidogo.

#14 MkulimaMtulivu
Hesabu_Kwanza umetutoa jasho ndugu yangu, ilibidi nichukue karatasi. Ila hapo kwenye milioni 10 nimekuelewa mpaka mwisho.

Mimi nina hoja nyingine. Mnaongea kama vile udongo ulikuwa msafi kabla ya mboji. Jeni za usugu ziko kwenye udongo tangu enzi. Mwaka 2011 watafiti walitoa ripoti ya udongo ulioganda barafu huko Yukon Kanada, una miaka 30,000, wakakuta jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii ya penisilini, tetrasaiklini na vankomaisini. Miaka 30,000 hakuna duka la dawa. Kwahiyo ukikuta jeni kwenye mboji yako sio lazima zimetoka chooni.

#15 Plasmidi
Mkulima hiyo ya Yukon ni kweli kabisa na inatakiwa kukumbukwa. Lakini jeni kuwepo na jeni kuwa hatari ni mambo mawili. Jeni ya zamani iliyokaa kwenye kromosomu ya bakteria wa udongo asiyemgusa binadamu, haiendi popote. Jeni iliyopanda kwenye plasmidi ndani ya bakteria aliyezoea tumbo la mtu, hiyo ina tiketi ya safari mkononi. Na kinyesi cha binadamu kinaleta za aina ya pili, tayari zimeshapangwa kwenye plasmidi na integroni, yaani vipande vya DNA vinavyokusanya jeni pamoja. Angalia mcr-1 inayoizuia kolistini, ambayo ni dawa tunayoikimbilia nyingine zikishindwa. Ilipotangazwa mwaka 2010 kutoka China kilichoshtua watu sio usugu wa kolistini, huo ulijulikana, ni kwamba ulikuwa kwenye plasmidi.

#16 KimyaKingi
Mcr-1 ni 2015 mkuu, mwishoni mwa mwaka, mwezi wa 11. Ya 2010 labda unawaza NDM-1, jeni nyingine ya usugu, hiyo ndo ilivuma mwaka huo.

#17 Plasmidi
Sawa, 2015. Asante kwa kunirekebisha.

#18 Funza_Mweusi
Mimi situmii joto, natumia funza wa nzi askari mweusi. Wanakula kinyesi kibichi haraka ajabu, ukiweka sikio karibu na beseni unasikia kabisa wanavyotafuna, kama mvua nyembamba juu ya majani. Siku chache kile kitu hakinuki tena. Kuna tafiti zinaonyesha jeni nyingi zinashuka wakipita funza, maana utumbo wao una wakazi wake na vimeng'enya vyake. Mnaonaje?

#19 Plasmidi
Zipo, na za minyoo ya ardhini pia zipo. Lakini kumbuka utumbo wa funza ni mahali ambapo bakteria wanabanana, wana chakula, wana unyevu. Ni mahali pazuri pia pa kupeana plasmidi. Na bila hatua ya joto mayai ya minyoo ya tumbo yanapita salama. Mimi ningefanya funza kwanza, halafu makapi yao yapate joto.

#20 Funza_Mweusi
Hilo la mayai ni kweli, nalifanyia kazi.

#21 NesiWaZamu
Nataka nirudi kwenye sul1 ya mtoa mada. Sul1 ni usugu wa dawa za sulfa si ndio? Mkuu nyumbani kwako kuna mtu alitumia sulfa kipindi hicho? Kuna wagonjwa wanaitumia kila siku kwa miezi.

#22 Mboji_Hai
Hakuna hata mmoja. Tuko wanne, mwaka ule mtoto mmoja tu alipewa amoksilini siku 5. Hesabu_Kwanza, uzito sikupima, nimejifunza. Ndo maana nashangaa sul1 imetoka wapi.

#23 KimyaKingi
Sul1 haihitaji mtu atumie sulfa. Iko kwenye mkia wa integroni za daraja la kwanza, zile zinazopimwa kwa intI1, na kwenye mkia huohuo jirani yake kuna kipande cha jeni ya qac, ambayo inahusika na kuvumilia dawa za kusafishia za jamii ya amonia kwotenari. Zinasafiri pamoja kama mabehewa ya treni moja. Ukikuta intI1 na sul1 ziko juu pamoja, sio miujiza, ni treni moja umeihesabu mara mbili. Michael Gillings na wenzake mwaka 2015 walipendekeza intI1 itumike kama alama ya uchafuzi unaotoka kwa binadamu kwasababu hiyo. Mkuu hizo ndoo unazioshea nini?

#24 Mboji_Hai
Duh. Dawa ya kuua vijidudu ya dukani, ile ya kumimina. Nasuuza kila ndoo, na yale maji nayamwaga kwenye lundo ili nisichafue pengine. Miaka minne. Nimesoma chupa sasa hivi, kiambato kikuu kinaanzia na benzalkoni.

#25 KimyaKingi
Benzalkoni ndo hiyohiyo, amonia kwotenari. Sisemi ndo chanzo. Nasema mtuhumiwa mmoja tumempata. Metali nazo hufanya hivohivo, shaba na zinki, ila hizo ni tatizo kubwa zaidi kwenye samadi ya nguruwe wanaolishwa madini kuliko kwa kinyesi cha watu.

#26 BibiMaranda
Mwanangu ndoo osha kwa maji ya moto na brashi ya mpini mrefu. Na ukiweka maranda kwenye kitako cha ndoo kabla ya kutumia, haigandi.

#27 Lundo55
Mimi hiyo ya dawa ya ndoo siikubali sana, dozi ndogo vile kwenye lundo la zaidi ya nusu tani, na hizo kwotenari zinaganda kwenye maranda na mboji hazibaki huru. Nafikiri jibu ni rahisi zaidi. Lile lundo lilipopoa bakteria walirudi. Wakati wa joto kila kitu kilishuka, kisha likapoa likafika nyuzi 30 na kitu, mashamba matupu, chakula kipo, aliyebaki hai au aliyekuwa pembeni kwa bibi anarudi anazaana kwa kasi. Tafiti nyingi za mboji ya tope na samadi zinaonyesha mchoro wa namna hiyo, jeni zinashuka kipindi cha joto halafu baadhi zinapanda tena kipindi cha kupoa, na sul1 na intI1 ndo wasumbufu zaidi, wakati jeni nyingi za tetrasaiklini zinashuka na kubaki chini.

#28 Plasmidi
Lundo55 leo umenifurahisha, hapo nakubaliana nawe karibu yote. Ila mchoro huohuo unaweza kuelezwa vingine, kwamba waliorudi sio wale wa tumboni bali bakteria wapya waliopokea integroni wakati wa joto. Kuhesabu jeni peke yake hakukwambii nani kaibeba.

#29 MkulimaMtulivu
Au hakuna aliyeibeba, ni DNA ya maiti tu inahesabiwa. Si mmesema PCR inahesabu hata waliokufa?

#30 Hesabu_Kwanza
Inahesabu wote ndiyo. Na zaidi ya hapo, PCR ya namna hii haisomi jeni nzima. Sul1 nzima ina herufi kama 840, kipimo kinasoma kipande cha herufi mia na kitu. Jeni iliyokatika vipande vipande isiyoweza kumsaidia bakteria yeyote, bado kile kipande kikiwa kizima kinahesabiwa kama sul1 moja.

Kuna rangi inaitwa PMA, inapenya kwenye seli zilizopasuka tu, ukiimulika inaishika DNA isisomeke, kwahiyo unahesabu wazima. Ila inataka mwanga upenye, na mboji ni nyeusi kama lami. Inasumbua.

#31 Tone_kwa_Tone
Nimesoma kurasa zote, nimechelewa mniwie radhi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mkojo na naona ndo nusu ya habari. Amoksilini kwa mfano, sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo haijabadilika. Mkitenganisha mkojo na kinyesi mnaondoa mabaki mengi ya dawa yasiingie kwenye lundo, na lundo halilowi. Mkojo wenyewe ukikaa kwenye dumu lililofungwa urea inageuka amonia, pH inafika kama 9, vijidudu wanakufa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2006 kwa mkojo unaochanganywa wa watu wengi unataka ukae miezi 6 kwenye nyuzi 20 au zaidi ili utumike kwa zao lolote. Na mwaka 2020 kuna kazi ya University of Michigan ilionyesha DNA ya plasmidi ikiwekwa kwenye mkojo uliokaa inapoteza uwezo wa kumgeuza bakteria kuwa sugu. Haikuhitaji joto hata kidogo, ilikuwa uvundo wa dumu tu.

#32 Lundo55
Ila ukitoa mkojo wote lundo linakosa naitrojeni na maji. Kinyesi peke yake na maranda mengi linakuwa kavu halipandi. Mimi nimejaribu, lilikaa nyuzi 34 wiki nzima mpaka nikalirudishia mkojo.

#33 Tone_kwa_Tone
Ulizidisha maranda. Kinyesi kina naitrojeni ya kutosha, kaboni kwa naitrojeni yake ni kama 8 kwa 1, lundo linataka 25 mpaka 30 kwa 1. Unaongeza maranda mpaka hapo tu, na maji unaweza kuongeza ya kawaida, unyevu asilimia 50 mpaka 60, ukikamata mkononi na kukamua litoke tone moja mbili.

#34 Mchanga_Laini
Na mimi nina kisa. Mwaka juzi niliumwa sana, nikapewa siprofloksasini wiki mbili, nikaendelea kutumia choo kikavu kama kawaida. Lundo la kipindi kile halikupanda joto kabisa. La kabla yake lilifika 58, la baada yake 60, lile la katikati 41. Tangu siku hiyo nimeamini dawa iliwaua bakteria wa lundo. Siprofloksasini nasikia haiozi haraka.

#35 Hesabu_Kwanza
Pole kwa kuumwa. Lundo moja ni ngumu kusema. Ukiumwa unaharisha, unakula kidogo, kinachoingia ni maji mengi na chakula kidogo. Hiyo peke yake inatosha kulipoza.

#36 Mchanga_Laini
Niliharisha kweli, sikatai. Lakini niliongeza maranda mara mbili ya kawaida na majani, halikuwa limelowa. Mimi nililigeuza kwa mikono yangu.

#37 Plasmidi
Kuhusu siprofloksasini umesikia sawa, inaganda vibaya sana kwenye tope na mboji na inakaa. Tetrasaiklini inashikwa pia lakini sehemu kubwa inavunjika kwenye joto. Za jamii ya penisilini zinavunjika haraka zaidi ya zote. Ila dawa iliyoganda kwenye chembe haimfikii bakteria kirahisi, kwahiyo kipimo cha dawa kwenye lundo na dozi anayoionja bakteria ni vitu tofauti. Tukiwa na mtu nyumbani anatumia antibayotiki, mimi ndoo zake naziweka lundo la pembeni na kuliacha muda mrefu zaidi. Siwezi kukuthibitishia inasaidia kiasi gani, ila ndivyo nafanya.

#38 NesiWaZamu
Hiyo ya kutenga ndoo za mgonjwa ina mantiki hata kwa sababu nyingine. Naiunga mkono.

#39 Moto_Mkali
Mbona hamjataja mboji ya joto la juu kabisa? Kuna wanaopandisha tope mpaka nyuzi 80, 90, kwa bakteria maalum na hewa nyingi. Tafiti ya 2018 ya China ilionyesha inaondoa jeni za usugu na zile zinazozisafirisha vizuri kuliko mboji ya kawaida. Tatizo limetatuliwa.

#40 BibiMaranda
Nyuzi 90 kwenye ndoo za watu wanne? Lundo la nyumbani halifiki huko mwanangu, na likivuka 70 wale wanaofanya kazi wenyewe wanakufa. Nyumbani joto linapatikana kwa unene wa lundo na uvumilivu.

#41 Moto_Mkali
Bibi nilisema kwa mitambo, sio nyumbani.

#42 Lundo55
Na joto la kati kwa muda mrefu linafanya kazi ileile kwa vimelea. Yale makadirio ya Feachem na wenzake ya 1983: nyuzi 62 kwa muda wa saa moja, au 50 kwa siku nzima, au 46 kwa wiki, au 43 kwa mwezi.

#43 Plasmidi
Kwa vimelea. VIMELEA. Yale yalichorwa kwa virusi, bakteria na mayai ya minyoo. Wala EPA ya 1993 wala WHO ya 2006 hawajaweka kikomo cha jeni za usugu kwenye mboji. Kila namba ya joto tunayoijua ilitungwa kujibu swali lingine. Ndo maana Mboji_Hai alifuata kila kitu sawasawa na bado akakuta sul1.

#44 Mboji_Hai
Hapo Plasmidi umesema kitu nilichokuwa nashindwa kukitamka. Nimesoma wote, asanteni sana. Kwa sasa nina maelezo matano ya sul1 yangu: hesabu ya sehemu, DNA ya maiti, waliorudi baada ya kupoa, wakazi wapya wa joto, na benzalkoni yangu. Benzalkoni nimeshaitoa leo. Nimeongea na yule mtafiti, amekubali kupima tena kama nitaleta sampuli nzuri. Nichukue vipi?

#45 Hesabu_Kwanza
Pima uzito wa kila ndoo unayomwaga kuanzia leo na uandike. Chukua sampuli siku ya kufunga lundo, siku joto likiwa juu kabisa, siku likipoa likafika joto la nje, halafu baada ya miezi 6 na baada ya mwaka. Kwenye kila sampuli toa kiasi kidogo ukikaushe kabisa upate uzito mkavu. Mwambie akupe namba kwa gramu na sehemu kwa 16S, zote mbili, asikuletee moja.

#46 KimyaKingi
Na chukua udongo ambao haujawahi kuguswa na mboji, mita kadhaa pembeni. Bila huo Mkulima atatuuliza Yukon tena na atakuwa na haki.

#47 MkulimaMtulivu
Nitauliza, ndiyo. Na udongo wa chini ya miti uliyoiwekea mboji ya mwaka wa kwanza pia uchukuliwe. Mimi nahisi sul1 itakuwa imeshapotea pale, bakteria wa udongo hawampi mgeni nafasi.

#48 Plasmidi
Mimi nahisi itakuwepo. Tutaona.

#49 BibiMaranda
Na ya pembeni ya lundo je? Pale chini panapokutana na ardhi?

#50 Mboji_Hai
Bibi hiyo ndo ya kwanza kabisa. Nimetoka kupima sasa hivi kabla sijaandika hapa, katikati 61, pembeni chini 24. Nimechimba kidogo nikakuta maranda bado yana rangi yake.